Hifadhidata ya Mbegu na Macho ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kubishana kuhusu zana. Nikikutana na fundi mwenzangu wa kompyuta hapa Rongo, hatumalizi soda kabla hatujagombana: hifadhidata ya seva isimamiwe kwa programu gani? Wengine wanapenda ile inayofunguka kwenye kivinjari, yenye majedwali na alama ndogo za penseli za kubonyeza. Wengine wanataka ile unayoisakinisha kwenye kompyuta yako, yenye vidirisha vinne na rangi za kumchosha mtu. Halafu tuko sisi wachache, wazee kabla ya umri, tunaopenda dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, ambalo unaliandikia amri kwa herufi nalo linakujibu kwa herufi. Nimewahi kumnunia rafiki wiki nzima kwa ajili ya jambo hili. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alinisikiliza siku moja nikifoka kwenye simu, akanikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima, kisha akaendelea kusahihisha vitabu vya wanafunzi wake.

Iliniuma, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nimebadilisha jembe mara tatu, na shamba lenyewe lilikuwa la mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi Magunga. Alikuwa sekretari katika ofisi za serikali kwa miaka mingi, enzi za taipureta, na alipostaafu alirudi nyumbani. Hakupumzika hata msimu mmoja kabla kina mama wa huko hawajamfanya katibu wa kikundi chao cha mbegu za kienyeji: mtama, wimbi, na mboga za majani kama mnavu, mrenda, saga, mitoo na kunde. Kikundi kina ghala dogo la mabati, lakini mbegu nyingi hukaa majumbani, ndani ya vibuyu na chupa, zikiwekwa juu ya meko mahali moshi unapofukuza wadudu. Kazi ya katibu ni kujua nani ana mbegu gani, aliipata kwa nani, inapenda udongo upi, na imeshindwa wapi.

Haya yote mama aliyaandika kwenye madaftari kwa hati mkato, yale maandishi ya mikunjo na nukta ambayo masekretari wa zamani waliyatumia kuyanasa maneno ya bosi bila kumwomba arudie. Madaftari kumi na moja. Kuanzia Magunga hadi ufuoni mwa ziwa hakuna mtu mwingine anayeweza kusoma hata ukurasa mmoja. Mke wangu alijaribu akiwa msichana, akachoka siku ya pili.

Kikundi kilipotaka tovuti nilijitolea haraka, maana mkwe hutafuta nafasi ya kusifiwa hata asipokiri. Nilikodi nafasi kwenye seva, nikajenga tovuti, na nyuma yake nikaweka hifadhidata yenye safu chache: mbegu, nyumba, mwaka, maelezo. Mwanamke wa kijiji cha Kisegi aliyepoteza mtama wake kwa ukame angeweza kutafuta kwa simu na kuona ni nyumba gani ina mtama unaovumilia mvua fupi. Kilichobaki ni kuyahamisha madaftari yaingie humo, na aliyeweza kuyahamisha alikuwa mmoja tu duniani.

Sasa, kwa asiyetujua. Kwetu Wajaluo, mwanamume haketi na mama mkwe wake. Hali naye meza moja, hamkazii macho, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Msidhani ni chuki. Nikifika Magunga kuku huchinjwa, chai huja na maziwa mengi kuliko maji, na aliyeyapanga yote hayo simwoni. Mimi hukaa kwenye varanda ya ghala, yeye huwa ndani, tunazungumza kupitia dirisha lenye pazia. Kwenye simu, lakini, sisi ni marafiki wakubwa. Simu haina uso, kwa hiyo hakuna wa kumwonea haya. Nimecheka na mama mkwe wangu kwenye simu kuliko nilivyocheka na ndugu zangu wa tumbo moja.

Basi nilimfundisha kutumia hifadhidata kupitia pazia. Mke wangu alikaa naye siku ya kwanza, mimi nikapaza sauti kutoka varandani: bonyeza hapa, sasa penseli, sasa hifadhi. Nilikuwa nimemchagulia ile zana ya kwenye kivinjari. Mimi mwenyewe siipendi, lakini niliwaza hivi: ni mama mzee, wa shambani, anahitaji vitufe na picha. Sikumuuliza. Ukitaka kujua kosa langu katika habari hii, ni hilo, na bado linanikera.

Haukuisha mwezi, akapiga simu.

"Ora," akasema. Ndivyo anavyoniita, yaani mkwe wangu. "Hii mashine yako inanichezea. Naweka mrenda kwa nyumba moja, kesho nakuta iko kwa nyumba ingine."

"Pole, mama. Ni hiyo programu. Nitakutafutia ingine."

Nikamtafutia. Safari hii nilisakinisha programu kwenye kompyuta yake, yenye majedwali mapana na kila kitu mahali pake. Mambo yakaharibika zaidi. Kunde zikaandikwa juu ya mtama, na nyumba moja ikapewa mbegu ambazo haikuwahi kuziona. Nikarudisha data kutoka kwenye nakala rudufu, nikatukana watengenezaji wa programu ile kwa lugha mbili, nikaweka ya tatu, ya kwenye kivinjari tena lakini nyepesi. Ya tatu nayo ikafanya yale yale.

Hapo nikasema neno ambalo ningependa kulirudisha mdomoni. Tulikuwa tunakunywa chai, mimi na mke wangu, nikamwambia labda mama amechoka, labda ni umri.

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali. "Mama yangu anakumbuka namba za simu za ofisi za zamani, zile za kuzungusha na kidole," akasema. "Ukimwambia amechoka, utakuwa umeniambia mimi."

Nilimaliza chai yangu. Lakini mimi nina ubishi, na ubishi wangu safari hii ulinifaa. Kesho yake niliingia kwenye seva nikafungua kumbukumbu zake. Seva huandika kila inachoombwa: ukurasa upi umefunguliwa, saa ngapi, na nani. Nilitaka ushahidi kwamba programu ndiyo yenye makosa, nimwoneshe mke wangu, yaishe.

Nilichokuta hakikuwa hivyo. Mama alikuwa anafungua mstari mmoja, anaufunga. Anafungua unaofuata, anaufunga. Anarudi kwenye ule wa kwanza. Mara saba, mara nane, ndipo anaandika. Na kila alipokosea, kosa halikwenda mbali. Lilikuwa kwenye mstari ulio juu tu au chini tu ya ule aliokusudia. Mtu aliyechanganyikiwa hukosea popote. Huyu alijua kabisa anakotaka kwenda, akawa anaukosa mlango kwa hatua moja, kila siku, mwaka mzima.

Nilimngoja mke wangu arudi kutoka shuleni. Nikamuuliza, "Mama anaona vizuri?"

Aliweka mkoba chini polepole. "Aliniapisha nisikwambie."

Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa amepimwa Homa Bay muda mrefu uliopita, akapewa dawa ya matone, akaambiwa dawa inaweza kuchelewesha tu, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Pembeni palikuwa pamekwisha kuwa giza. Alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa papai, na mrija wenyewe ulikuwa unazidi kuwa mwembamba. Kwenye jedwali lenye mistari ishirini inayofanana, alikuwa anauona mmoja tu, na akihamisha macho kuangalia daftari, akirudi hajui alikuwa wapi.

"Kwa nini asiniambie?"

"Alisema ukijua utamhurumia. Na ukimhurumia utampa mtu mwingine hiyo kazi." Akavua viatu, akakaa. "Na huyo mtu mwingine, Baba watoto, atasoma nini?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu yeyote ambaye angekaa kando ya mama robo saa tu angetambua, maana baadaye nilielezwa kwamba pua yake ilikuwa karibu iguse kioo. Mimi nilikaa hatua mbili kutoka kwake, ukuta na pazia katikati, nikijipongeza kwa heshima yangu. Heshima si utumwa, ni kweli, lakini yangu ilikuwa imenifanya kipofu kabla yake.

Nilimpigia simu asubuhi iliyofuata. Sikutaja macho. Nilimuuliza, "Mama, ulipokuwa ofisini, ukipiga chapa, ulikuwa unaangalia wapi?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani taratibu, nikajua amejua kwamba najua.

"Kwa karatasi," akasema. "Sekretari akiangalia vidole, bosi anamfuta. Macho ni ya karatasi, ora."

"Na mashine? Hukuiangalia?"

"Mashine nilikuwa naisikia tu. Mstari ikiisha, inalia."

Nilikata simu nikacheka peke yangu, kisha nikawa silii wala sicheki. Mwaka mzima nilimtafutia vitufe na picha mwanamke ambaye vidole vyake vinajua kazi kuliko macho ya vijana wote wa Rongo. Zana aliyoihitaji ni ile ile ninayoipigania kila siku mbele ya soda, ambayo sikumpa kwa sababu nilidhani ni ya wajuzi.

Nikarudi kwenye dirisha jeusi. Niliandika programu fupi isiyo na picha ya kubonyeza wala mstari wa kuchagua. Inauliza mambo manne, kwa mpangilio ule ule kila mara: mbegu, nyumba, mwaka, maelezo. Unajibu, unabonyeza kitufe cha kuingiza, inakwenda mbele. Data ikipokelewa, kompyuta inalia mara moja. Kukiwa na tatizo, inalia mara mbili kwa sauti nzito. Ukijua umekosea, unaandika neno "rudi" inakurudisha. Akaunti yake kwenye hifadhidata niliipa ruhusa ya kuongeza na kurekebisha, lakini si ya kufuta, hivyo hata kidole kikiteleza hakuna mbegu itakayopotea. Na kwa kuwa ni herufi tupu zinazopita, haikujali mtandao wa Magunga, ambao hukatika hata ng'ombe akikohoa.

Tulimpelekea pia kibodi ya zamani niliyoipata kwa fundi, yenye vitufe virefu vinavyokataa kidogo kabla ya kukubali. Mke wangu aliichomeka, akamweka mama mezani na daftari la kwanza na kioo cha kukuza. Mimi nilikuwa varandani, mahali pangu.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha vitufe vikaanza, kimoja kimoja, kama mtu anayepapasa nyumba aliyohama zamani. Kisha vikashika mbio. Sijawahi kusikia mtu akipiga chapa hivyo, bila kusita, bila kurudi nyuma. Kompyuta ikalia. Vitufe tena. Ikalia. Mke wangu akatoka, mkono mdomoni.

"Haangalii kabisa," akaninong'oneza. "Macho yote yako kwa daftari."

Ndivyo nilivyotaka. Macho yaliyobaki yalikuwa machache, na hakuna hata chembe iliyopaswa kupotea kwenye kioo cha kompyuta.

Kuanzia hapo ilikuwa mbio kati ya madaftari na giza, na sote watatu tulijua bila kusema. Niliwahi kumshauri amsomee binti yake ili binti aandike, likizo ikifika. Alikataa. "Hati mkato haipitii kwa mdomo yangu," akasema. "Miaka hiyo yote ilikuwa inatoka kwa daftari inaingia kwa vidole. Nikisoma kwa sauti napotea." Sikubishana, na anayenijua atajua hilo lilikuwa zito kiasi gani kwangu.

Alifanya kazi asubuhi, jua likiwa linaingia dirishani hadi mezani. Mimi nikiwa kazini Rongo nilikuwa nimefungua jedwali pembeni, naona mistari ikiingia. Sikujua kwamba data inaweza kupendwa. Mrenda wa mbegu nyeusi, unaoteleza bila kutiwa magadi. Mnavu uliotoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ukiwa umefungwa kwenye ncha ya leso ya bibi harusi. Mtama ambao ndege hawaugusi kwa sababu ni mchungu, na watu huupenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilisoma kila mstari ulipoingia, na nilisikia sauti yake ndani ya kila mmoja.

Daftari la tano, la sita, la saba. Katika la nane mwendo ulianza kupungua. Katika la tisa zilikuwepo siku ambazo hakuna mstari ulioingia, nami nilikuwa nikifungua jedwali na kulifunga, nikifungua na kulifunga, kama alivyokuwa akifanya yeye.

"Ora," aliniambia siku moja, "leo nimepata mistari minne tu. Jua imekataa kutoka."

Nje ya ofisi yangu jua lilikuwa linachoma mabati. Nikamwambia hata huku kuna mawingu, mama. Nilidanganya na sijutii.

La kumi lilimchukua muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia. La kumi na moja lilikuwa na kurasa chache, Mungu ni mwema. Mstari wa mwisho uliingia siku ya kazi, saa tano asubuhi, nikiwa na mteja mbele yangu. Kunde nyekundu. Nyumba ya mjane fulani upande wa Ruma. Maelezo: zipandwe baada ya mtama kuvunwa, majani ya kwanza yasichumwe. Nilimwomba mteja radhi nikatoka nje.

Jioni akapiga. "Nimefunga daftari ya kumi na moja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufagia uwanja. "Sasa hata ikizimika, izimike."

Macho yalizimika kabla ya mvua za vuli.

Likizo ya Desemba tulikwenda Magunga, mimi na mke wangu. Nilikaa varandani kama kawaida, chai ikaletwa, nikamsalimu kupitia pazia, akanijibu. Tukazungumza habari za mvua. Kisha akabadilisha habari.

"Ora, sekretari hatumi barua kama mtu wa pili hajasoma," akasema. "Hiyo data yote hakuna mtu amenisomea. Labda nimekosea mahali. Hiyo sistimu ni wewe unajua kufungua. Leta kompyuta unisomee."

"Nitasoma kutoka hapa, mama."

"Masikio pia yamezeeka. Donji, ora. Ingia ndani."

Sikusogea. Nilimwangalia mke wangu, naye aliyaangalia majani ya chai kwenye kikombe chake.

"Unaogopa nini?" sauti ya mama ikasema ndani. "Tulikuwa tunaonea haya macho. Yangu imeenda. Mimi sikuoni, na wewe ni mtoto mwenye adabu. Makosa iko wapi?"

Mke wangu akaichukua kompyuta kutoka magotini pangu, akaniinua kwa mkono, akanirudishia mlangoni. Niliingia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya meza, na kiti cha pili kilikuwa kimewekwa karibu yake. Nilikaa kwenye ncha ya kiti, mtu mzima mwenye watoto. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuleta kila kitu tangu mwanzo, nikaanza kusoma.

Alisikiliza kwa kuinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinapiga taratibu juu ya mapaja, neno kwa neno, nyuma yangu kidogo. Katika mstari wa kumi na mbili akanisimamisha, mwaka si huo, ni mmoja nyuma. Nikarekebisha. Tukaendelea.

Mahali fulani katikati ya mrenda na wimbi niliinua macho nikamtazama. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na mitatu, na sikuwa nimewahi kuuangalia uso ule. Una kidevu cha mke wangu. Una kovu dogo juu ya nyusi. Ulikuwa umenigeukia moja kwa moja, wazi, unanitafuta kwa upole mahali nisipokuwa, pembeni kidogo ya bega langu. Nilimpenda mama yule kwa uchungu ambao sijui kuuelezea, na sikuweza kuyaondoa macho.

"Umenyamaza, ora," akasema. "Data imeisha?"

"Bado, mama."

"Basi soma."